Shahidi wa Chuma: Historia ya Mashine ya Kulinda Hundi



Ndugu wasomaji, wazazi pamoja na wanafunzi wetu, katika ukurasa wa historia leo tumechagua kitu ambacho baadhi yetu tumewahi kukiona juu ya meza ya mhasibu bila ya kuuliza kazi yake. Ni mashine ndogo ya chuma, nzito kuliko inavyoonekana, yenye safu ya vijiti vya kuchagulia tarakimu na mpini mmoja mkubwa wa kuvuta. Haitumii umeme wala haihesabu kitu. Kazi yake ni moja tu: kuichapa thamani ya hundi, au cheki kama wengi tunavyoita, kwa namna ambayo mtu mwingine hataweza kuibadilisha.

Huenda msomaji akauliza, kuna faida gani kujua habari za mashine kama hii zama hizi za kutumiana pesa kwa simu? Tunamwomba atuvumilie. Nyuma ya mashine hii kuna swali ambalo halijazeeka: karatasi yako ikighushiwa baada ya wewe kutia sahihi, hasara ni ya nani?

KARATASI INAYOSAFIRI PEKE YAKE

Kuandikiana mali si jambo geni kwetu. Aya ya 282 ya Suratul Baqara, ambayo ndiyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, inaamrisha deni la muda maalumu liandikwe. Mwandishi aandike kwa uadilifu, mwenye kudaiwa ndiye atoe maneno ya kuandikwa, na wawepo mashahidi. Tukiitazama vizuri tunaona kwamba ulinzi uliowekwa hapo ni wa watu: anayeandika, anayetamka na wanaoshuhudia.

Wafanyabiashara wa Kiislamu walizitumia hati hizo kwa upana mkubwa. Msafiri Ibn Hawqal, aliyeishi karne ya 10, ameeleza kuwa katika mji wa Awdaghust, uliokuwa kusini ya jangwa la Sahara katika nchi ambayo leo ni Mauritania, aliona hati ya deni la dinari 42,000. Hati ya namna hiyo kwa Kiarabu huitwa sakk. Wapo wasemao kwamba neno cheki limetokana na hilo, ingawa wataalamu wa lugha hawajaafikiana. Ama neno letu hundi limetoka Bara Hindi, likaja na wafanyabiashara wa Kihindi waliokuwa wakituma na kupokea thamani kwa karatasi badala ya kubeba fedha baharini.

Hundi ya benki tunayoijua sisi, hata hivyo, ina udhaifu wake. Anayeiandika huwa mara nyingi peke yake. Halafu karatasi hiyo husafiri: hupita mkononi kwa karani, kwa mjumbe, kwa posta na kwa mlipwaji, mpaka ifike benki. Huko njiani haina shahidi. Benki haikumwona mwandishi alipokuwa akiandika; inaona wino na sahihi tu.

HILA ZA WAGHUSHI

Katika karne ya 19 matumizi ya hundi yalienea sana Uingereza na Marekani, na waghushi nao wakaongezeka. Hawakuwa na haja ya kuiga sahihi ya mtu, kazi ambayo ni ngumu. Walichukua hundi ya kweli, yenye sahihi ya kweli, wakaongeza thamani yake. Njia zao kubwa zilikuwa mbili.

Ya kwanza ni kuongeza. Kwa Kiingereza neno "six", yaani sita, likifuatiwa na herufi mbili tu huwa "sixty", yaani sitini. "Seven" ni hivyo hivyo, na "eight" huhitaji herufi moja tu. Tusidhani Kiswahili chetu kimesalimika: sita na sitini, saba na sabini, tisa na tisini hazipitani sana. Tena sisi tuna hatari ya pande mbili. "Elfu hamsini" ikiachiwa nafasi mbele yake, mtu huweza kuitanguliza "laki tatu na". Ikiachiwa nafasi nyuma yake, huweza kuongezwa "na mia tisa".

Njia ya pili ni kufuta. Wino uliotumika sana wakati ule ulitengenezwa kwa chumvi ya chuma, na tindikali za kawaida ziliweza kuupausha. Mghushi aliifuta thamani, akakausha karatasi, akaandika aliyoitaka. Sahihi hakuigusa.

Mabenki na wenye biashara walijaribu dawa nyingi. Walipiga mstari katika nafasi iliyobaki. Walitengeneza karatasi za rangi ambazo zikiguswa na dawa hubadilika na kuonyesha doa. Walitumia pia vifaa vya kutoboa tarakimu kwenye hundi kwa vitundu vidogo. Lakini tundu nalo lilikuwa na kasoro, kwa sababu aliye na kifaa kama hicho aliweza kutoboa mengine pembeni yake.

ROCHESTER, MWAKA 1899

Mwaka 1899, katika mji wa Rochester, jimbo la New York, ndugu wawili, Libanus Todd na George Todd, walianzisha kampuni ya kutengeneza mashine waliyoiita Protectograph. Rochester ulikuwa mji wa mafundi. Ndiko zilikotoka pia kamera za Kodak.

Fikra yao ilikuwa nyepesi kuieleza. Waliona kwamba wino ukikaa juu ya karatasi utafutika, kwa hiyo wakataka wino uingie ndani ya karatasi. Herufi za mashine yao zilikuwa na meno madogo. Mpini ukivutwa, meno yale huikatakata karatasi kuwa nyuzi nyembamba, na papo hapo wino hukandamizwa ndani ya nyuzi hizo. Anayetaka kuufuta wino huo hana budi kuiharibu karatasi yenyewe, na hundi iliyochanika mahali pa thamani humtia shaka karani yeyote wa benki.

Mashine za mwanzo hazikuchapa thamani kamili. Zilichapa mpaka wake tu, kwa mfano "isizidi dola 50". Hiyo ilimzuia mghushi kufikia mamia, lakini bado hundi ya dola 14 iliweza kupandishwa mpaka 40 chini ya mpaka huohuo. Ndipo zikaja mashine zilizochapa thamani kamili, dola kwa senti, zikitanguliwa na neno lenye maana ya "kamili", na nyingine zilichapa kwa rangi mbili ili kumzidishia mghushi kazi.

Biashara hii ilikua. Kampuni nyingine zilijitokeza, zikiwemo Paymaster na Hedman za mji wa Chicago, na mashine hizo zikaenea katika maofisi makubwa na madogo. Kampuni ya akina Todd nayo iliendelea mpaka mwaka 1955, iliponunuliwa na kampuni ya mashine za hesabu ya Burroughs.

Kwa ufupi, mashine hii ilikuja kushika nafasi iliyo wazi. Hundi ilikuwa inasafiri bila shahidi, nao wakaipatia shahidi wa chuma. Lakini shahidi huyu hushuhudia jambo moja tu, nalo ni tarakimu aliyochaguliwa. Tuone sasa mambo ambayo hakuyaona.

KESI YA PAUNI MBILI

Mahakama za Uingereza zilikutana na swali letu mapema. Katika kesi ya Young na Grote ya mwaka 1827, mtu mmoja alisafiri akamwachia mkewe hundi tupu alizokwisha kutia sahihi. Mke alimpa karani ajaze hundi moja ya pauni 50 na shilingi 2. Karani akaandika, lakini akaacha nafasi mbele ya neno na mbele ya tarakimu. Mke aliiona akaridhika. Baadaye karani akaitanguliza mia tatu, ikawa 350, benki ikalipa. Hasara ikamwangukia mwenye hundi.

Kesi iliyo mashuhuri zaidi ni ya benki iitwayo London Joint Stock Bank dhidi ya Macmillan na Arthur, iliyoamuliwa mwaka 1918. Washirika wawili wa biashara walikuwa na karani waliyemwamini, aliyekuwa akiwaandalia hundi. Siku moja mmoja wa washirika alikuwa akitoka kwenda kula chakula cha mchana. Karani akamletea hundi ya matumizi madogo ya ofisi. Palipotakiwa tarakimu pameandikwa pauni 2, na pande zote mbili za ile 2 pana nafasi. Palipotakiwa maneno hapakuandikwa chochote. Bwana yule, akiwa na haraka zake, akatia sahihi akaenda zake.

Karani akaongeza 1 mbele na 0 nyuma. Pauni 2 zikawa 120. Akajaza maneno, akaenda benki, akalipwa.

Mahakama ya kwanza iliwapa haki wenye biashara, na mahakama ya rufaa ikaafiki. Lakini Baraza la Malodi, lililokuwa ndiyo mahakama ya mwisho, likageuza hukumu. Lilisema kwamba mteja ana wajibu kwa benki yake wa kuandika hundi kwa uangalifu, na akiacha njia wazi ya kughushi, hasara inayotokana na njia hiyo ni yake mwenyewe.

Hapa Afrika Mashariki jambo hili si la mbali. Kenya, Uganda na Tanzania zilirithi sheria za hundi kutoka kwa Waingereza, na hukumu hii husomeshwa wanafunzi wa sheria. Ndugu zetu wa Burundi, Rwanda na Kongo walirithi sheria za Kibelgiji, lakini uangalifu ni ule ule.

KILE ASICHOKIONA SHAHIDI WA CHUMA

Je, mashine ingemwokoa bwana yule? Ingemwokoa kama thamani ingechapwa kabla ya yeye kutia sahihi. Lakini tujiulize, nani angeivuta mpini? Angekuwa ni karani yuleyule. Mashine humzuia mghushi wa njiani. Haimzuii aliyekabidhiwa mashine yenyewe pamoja na karatasi tupu yenye sahihi. Huyo ataichapa 120 kwa meno na wino mzuri, na hundi itaonekana salama kuliko zote.

Wala mashine haiijui sahihi. Katika kesi ya Greenwood na benki ya Martins, iliyoamuliwa mwaka 1932, mke alikuwa akighushi sahihi ya mumewe na kutoa pesa zake. Mume alipojua, mke alimwomba asiiambie benki, naye akanyamaza kwa miezi kadhaa. Mke akafariki kabla ya benki kupata habari. Mume alipodai pesa zake alishindwa, kwa kuwa ukimya wake uliinyima benki nafasi ya kumdai aliyeghushi. Ni kisa cha kuhuzunisha, na tumekitaja kwa sababu kilitokea ndani ya nyumba, baina ya watu waliopendana.

YANATUHUSU NINI?

Hundi zimepungua sana. Tangu M-Pesa ilipoanza Kenya mwaka 2007, watu wengi hawagusi kitabu cha hundi mwaka mzima. Lakini shule zetu, vyama vya kuzikana na kamati za misikiti bado wapo wanaozitumia, na tunaijua desturi moja: mweka sahihi wa pili ana safari, basi anaombwa aache hundi tano au sita zimeshatiwa sahihi ili kazi isikwame. Anayeomba ni mtu mwema, na anayetia sahihi anaona haya kukataa asije akaonekana hamwamini ndugu yake. Hivyo ndivyo alivyofanya Young katika ile kesi ya mwaka 1827.

Tunawausia wasomaji wetu mambo haya machache:

1. Usitie sahihi hundi ambayo haina jina, tarakimu na maneno, hata kama anayeileta ni ndugu yako.

2. Anza kuandika ukutani kabisa mwa mstari, kushoto, usiache nafasi kabla ya neno la kwanza wala kabla ya tarakimu ya kwanza.

3. Malizia kwa neno "tu", kisha piga mstari mpaka mwisho wa nafasi.

4. Tumia kalamu ya wino usiofutika, kamwe usitumie penseli.

5. Pokea taarifa ya benki kila mwezi na uisome. Ukiona jambo usilolijua, iambie benki siku hiyo hiyo.

6. Katika simu, usimpe mtu namba yako ya siri akutumie pesa kwa niaba yako. Hiyo nayo ni hundi tupu yenye sahihi.

Vijana wetu wanaosoma uhasibu watakutana na mashine nyingine, na programu zenye akili kuliko ile ya Rochester. Wazitumie, kwani ni msaada mkubwa. Lakini wakumbuke kwamba mashine ya akina Todd ililinda kile kilichokwisha kuandikwa. Nafasi tupu haikuweza kuilinda, na mwenye kuijaza nafasi hiyo kabla ya kutia sahihi ni sisi wenyewe.

Wallahu a'lam. Wabillahi tawfiq.