Rangi Iliyoandikwa Mara Moja

Katika Barabara ya Blyth, mjini Hayes, magharibi mwa London, yamesimama majengo marefu ya zege ambayo siku hizi ni makazi na ofisi. Mwaka 1907 mwimbaji wa Australia, Nellie Melba, aliweka hapo jiwe la msingi la kiwanda cha kampuni ya Gramophone, na kwa miongo mingi iliyofuata santuri zikatoka Hayes kwenda pembe zote za dunia. Wazee wa Zanzibar hawahitaji kuelezwa nembo ya kampuni hiyo: mbwa anayesikiliza gramafoni, na maneno His Master's Voice. Ndiyo kampuni iliyomrekodi mwimbaji wa taarabu Siti binti Saad na wenzake mjini Bombay mwaka 1928.

Naishi jirani na majengo hayo, na riziki yangu ni kutengeneza tovuti. Wakiniuliza nyumbani nafanya kazi gani hasa, huanza na santuri. Sauti ilichongwa kwanza kwenye sahani ya nta. Nta ikavishwa shaba kwa nguvu ya umeme, likapatikana bamba lenye matuta pale palipokuwa na mifereji. Kutokana na bamba hilo likazaliwa jingine, ambalo mafundi waliliita mama, na mama akazaa mihuri. Mihuri ndiyo iliyogandamiza santuri zenyewe, moja baada ya moja, kwenye utomvu wa wadudu ulioagizwa kutoka India. Aliyenunua santuri Ng'ambo, Zanzibar, aliikuta kazi ngumu yote imekwisha. Alibakiwa na kuzungusha mkono wa gramafoni.

Tovuti tuli hutengenezwa hivyo hivyo. Tovuti za kawaida, kama zile zinazotumia WordPress, programu iliyoanza mwaka 2003, zinafanana zaidi na kikundi cha taarabu kinachopanda jukwaani upya kwa kila mgeni anayebisha hodi: seva huamka, huuliza hifadhidata, huunganisha vipande, ndipo ikupe ukurasa. Tovuti tuli huchapwa zote mapema, mara moja, kisha seva hugawa nakala tu. Wazo hili si jipya. Movable Type, ya mume na mke Ben na Mena Trott, ilikuwa ikichapa kurasa kwa njia hiyo tangu mwaka 2001.

Ila ukurasa una maneno na una sura, na historia ya sura ndiyo iliyonifanya nishike kalamu.

Mtandao ulipozaliwa katika kituo cha utafiti cha CERN, kwenye mpaka wa Uswisi na Ufaransa, haukuwa na njia ya kueleza rangi wala aina ya herufi. Tarehe 10 Oktoba 1994, Mnorwe Håkon Wium Lie, aliyekuwa akifanya kazi huko huko, alitoa pendekezo la laha za mitindo: faili la pembeni linalosema vichwa vya habari viwe hivi, aya ziwe vile, bila kuyagusa maandishi yenyewe. Alitaka mwandishi na msomaji wote wawe na kauli juu ya sura ya ukurasa. Mholanzi Bert Bos akaungana naye, na Desemba 1996 lugha ya laha hizo, CSS, ikapitishwa rasmi kuwa kanuni ya mtandao.

Ilikuwa lugha nyepesi, na ninaamini wepesi huo ndio ulioiokoa. Lakini ilikuwa na upungufu mmoja uliotutesa wengi: haikuwa na vigeu, yaani majina unayoyapa thamani mara moja na kuyatumia kila mahali. Kama kijani cha chama chako kinatokea kwenye vichwa, viungo, vitufe na mipaka, ulipaswa kuandika namba ya rangi hiyo kila mahali. Kamati ikiamua kijani kikolee kidogo, unaanza kuwinda namba moja ndani ya mistari elfu. Bos mwenyewe aliandika insha kupinga vigeu, akihofu kwamba vingeifanya lugha iwe ngumu kwa watu wasio waprogramu. Hofu yake naiheshimu, maana alikuwa akimtetea mtu wa kawaida. Lakini mtu wa kawaida ndiye aliyekuwa akikesha kutafuta namba.

Suluhisho lilipita mlango wa nyuma. Mwaka 2006 Hampton Catlin alibuni Sass, na Natalie Weizenbaum akaijenga na kuilea kwa miaka mingi. Hawakugusa vivinjari. Waliunda lugha ya juu, yenye vigeu na uwezo wa kupachika kanuni ndani ya kanuni, kisha programu ikaigeuza kuwa CSS ya kawaida kabla haijamfikia msomaji. Huko kugeuza ndiko mafundi wanakokuita kukompaili. Mwaka 2009 Alexis Sellier akaleta Less kwa nia hiyo hiyo, na mwaka 2010 toleo la tatu la Sass likakubali mabano yale yale ya CSS, watu wakahamia kwa urahisi.

Kuna jambo ambalo sijaona likisemwa. Maneno ya CSS yote ni ya Kiingereza, hadi tahajia ya Kimarekani ya neno rangi. Kigeu, hata hivyo, unakibatiza mwenyewe. Katika faili la chama chetu cha kufa na kuzikana, rangi zinaitwa $kijani, $samawati na $udongo, na nafasi kati ya matangazo inaitwa $pumzi. Mjumbe asiyejua programu alifungua faili hilo, akaonyesha kwa kidole mstari wa kubadilisha.

Sasa ije mitambo yenyewe. Mwaka 2008 Tom Preston-Werner, mmoja wa waanzilishi wa GitHub, tovuti ya kuhifadhi msimbo, alitoa Jekyll, programu ya kuzalisha tovuti tuli. Ilijua kugeuza maandishi kuwa kurasa, lakini laha za mitindo ilizinakili tu kama zilivyo. Pengo hilo lilizibwa na programu-jalizi: faili dogo la lugha ya Ruby ulilolitia kwenye folda yake. Linahitaji kujibu mambo matatu tu. Je, faili hili linanihusu? Likitoka liwe na mkia gani, .css au mwingine? Na la tatu, haya hapa maandishi, yageuze. Juu ya laha kuu uliweka mistari miwili ya vistari vitatu vitatu, hata kama katikati hamna kitu, iwe ishara kwa Jekyll kwamba faili hili lisinakiliwe, lipitishwe jikoni. Watu wengi walipoteza jioni nzima kwa kusahau mistari hiyo.

GitHub nao, wakiwachapia watu tovuti za Jekyll bila malipo, walizikataa programu-jalizi za kujiandikia. Sababu yao ilikuwa ya msingi: programu-jalizi ni msimbo wa mgeni unaoendeshwa ndani ya mashine yao. Basi watu wakawa wanachapa nyumbani na kupeleka nakala zilizokwisha iva. Mei 2014 Jekyll 2.0 ikaja na Sass ndani yake, na kilichokuwa kiraka kikawa sehemu ya nguo. Hugo, programu nyingine ya tovuti tuli iliyoanzishwa na Steve Francia mwaka 2013, ilifuata njia hiyo mwaka 2018.

Mambo hayakutulia hapo. Sass ya Ruby ilistaafishwa Machi 2019. LibSass, iliyoandikwa kwa C++ ili iende mbio, ikatangazwa mwaka 2020 kuwa imepitwa na wakati, na kazi ya kuiendeleza Sass ikabaki kwa toleo la lugha ya Dart. Nilikuwa nimeiacha tovuti ya chama kwa muda mrefu. Niliporudi kuweka tangazo la msiba, ikagoma kuchapika. Familia ikasubiri hadi usiku wa manane nikibadilisha mtambo mmoja kwa mwingine. Kurasa za zamani, hata hivyo, hazikutikisika. Santuri haiharibiki kwa sababu kiwanda kimefungwa. Sasa nimeandika toleo la kila programu kwenye faili la mradi, na sipandishi toleo bila kujaribu.

Vivinjari navyo vilikuja kupata vigeu vyake, Firefox mwaka 2014 na Chrome mwaka 2016, na wapo wanaosema kukompaili hakuna kazi tena. Mimi bado nakompaili, maana mafaili kumi na mawili yanageuka moja, jembamba, na anayelipia bando Tanga hapakui asichokihitaji.

Hayes yenyewe bado inagawa nakala, safari hii kutoka kwenye maghala ya kompyuta. Mwaka 2022 wajenzi wa nyumba katika wilaya za Hillingdon, Ealing na Hounslow walionywa kwamba huenda wakasubiri umeme mpya hadi 2035, na vituo vya data vikatajwa kuwa sababu kubwa. Hayes imo Hillingdon. Nikisoma hayo, ukurasa usioiamsha hifadhidata kwa kila mgeni naona ni adabu kwa jirani anayengoja nyumba.

Wiki iliyopita kamati ilikolesha kijani. Nilibadilisha mstari mmoja, nikachapa, kurasa zote zikatoka na rangi mpya. Nilimtumia shangazi kiungo. Alijibu kabla chai yangu haijapoa: imefunguka mara moja, mwanangu, lakini kijani kile cha zamani kilikuwa na kosa gani?