Mdomo umefunga, sauti bado inasema

Bandugu wa promosheni, wengi bananiuliza juu ya video zao: mdomo umekwisha kufunga, sauti bado inasema. Kwa video ya ndoa watu wanacheka tu. Lakini mzee anayesimulia mambo ya 1960, nani atamrudisha aseme tena? Mimi ninafanya montaji, na tatizo hili liko na historia.

Kabla CD haijaanza kuuzwa mwaka 1982, sauti ya dijitali ilihifadhiwa juu ya kaseti za video, sababu ndizo zilikuwa na nafasi ya kutosha. Kila mstari wa picha ulibeba vipimo 3 vya sauti. Mistari 245, mara 60 kwa sekunde. Pigeni hesabu: 44,100. Kwa mfumo wa Ulaya, mistari 294, mara 50: namba ile ile! CD ikairithi. Video, yenyewe, ikashika 48,000, inayogawanyika sawasawa kwa picha 24 za filamu.

Sasa faili ni ya 48,000, programu inaisoma kama 44,100: saa moja ya sauti inakuwa dakika 65, na bibi arusi anaongea nzito kama baba mkwe. Msiivute kwa mkono. Tazameni namba ya faili, mpange mradi kwa 48,000.

Sauti ikichukuliwa na simu pembeni, hiyo ni ingine: saa za mashine mbili hazilingani kabisa. Pigeni kofi moja mwanzoni, moja mwishoni, mbele ya kamera.