Nani Abebe Hasara? Historia ya Istilahi za Shehena za Baharini

Istilahi zinazotumika leo katika usafirishaji wa mizigo kwa bahari zilizaliwa, moja baada ya nyingine, katika mabishano kati ya wenye vyombo, wenye mali na watoza ushuru juu ya swali la zamani: mali ikipotea, ikiharibika au ikichelewa njiani, nani abebe hasara, na kuanzia wapi. Mfanyabiashara wa Kariakoo au wa Mombasa anayezikuta zimeandikwa kwa herufi tatu tatu kwenye ankara huwa, kwa kutia saini tu, amekubali hukumu zilizotolewa katika mahakama na bandari za mbali, nyingine karne nyingi kabla yake. Historia ya maneno hayo ni sehemu ya elimu ya biashara, na asiyeijua huilipia.

Pwani ya Afrika Mashariki ilikuwa na lugha yake ya shehena muda mrefu kabla ya meli za mvuke. Majahazi na mabumu yaliyofika na kaskazi kutoka Oman, Ghuba na Bara Hindi, yakarejea na kusi, yalipakizwa kwa vipimo ambavyo kila mfanyabiashara wa pwani alivijua: pembe za ndovu na karafuu kwa frasila, yaani takriban ratli 35 au kilo 16, nafaka kwa jizla, na boriti za mikoko kutoka Lamu na delta ya Rufiji kwa korija, yaani boriti ishirini ishirini. Malipo ya kubebewa mzigo yaliitwa nauli, neno lililofika kwa Waswahili kutoka Kiarabu, nacho Kiarabu kikiwa kimelitoa kwa Wayunani, kwa maana bahari ya Hindi na ile ya Mediterania zimefanya biashara pamoja tangu zamani. Nahodha aliongoza chombo, na mara nyingi alikuwa pia mfanyabiashara, wakala wa tajiri aliyemkopesha mtaji na mdhamini wa mali za watu, hivyo makubaliano mengi yalisimama juu ya kujuana na ushahidi wa watu kuliko juu ya karatasi.

Karatasi ilianza kutawala pale mataifa ya mbali yalipotaka kuzijua gharama kabla ya kung'oa nanga. Mkataba wa mwaka 1833 kati ya Sayyid Said, Sultani wa Oman na Zanzibar, na Marekani, uliojadiliwa kwa upande wa Wamarekani na Edmund Roberts, uliweka ushuru wa asilimia 5 kwa bidhaa zitakazoshushwa katika milki za Sultani, na forodha yenyewe ilikodishwa kwa matajiri wa Kihindi, maarufu zaidi miongoni mwao akiwa Jairam Shivji. Kuanzia hapo pwani iliingia taratibu katika mfumo wa istilahi ambao ulikuwa umekomaa kwingineko.

Kongwe kuliko zote katika mfumo huo ni hasara ya pamoja. Mabaharia wa Mediterania walijua kwamba chombo kikielemewa na dhoruba hulazimika kutosa sehemu ya shehena ili kiwe chepesi, na walijua pia kwamba si haki mwenye mali iliyotoswa aumie peke yake ilhali wenzake wamefika salama kwa sababu ya hasara yake. Kanuni hiyo, iliyohusishwa na kisiwa cha Rhodes, iliingizwa katika mkusanyiko wa sheria za Kirumi uliotolewa na Kaisari Justinian mwaka 533: kilichotolewa kwa ajili ya wote kifidiwe kwa mchango wa wote. Katika karne ya 19 wenye meli na makampuni ya bima walikutana York mwaka 1864 na Antwerp mwaka 1877 ili kuifanya hesabu ya mchango huo iwe moja duniani, na Kanuni za York na Antwerp, ambazo zimerekebishwa mara kadhaa tangu hapo, ndizo zinazotajwa mpaka leo katika mikataba ya uchukuzi. Ili hasara iwe ya pamoja, lazima hatari iwe ya kweli, mali iwe imetolewa au gharama iwe imeingiwa kwa makusudi, na safari yenyewe iwe imeokolewa; kontena lililoanguka baharini kwa bahati mbaya halimo, kwa kuwa hakuna aliyelitoa kwa faida ya wengine.

Waagizaji wengi hudhani kwamba haya ni mambo ya enzi ya matanga, mpaka siku wakala wa meli anapowaandikia kwamba mzigo wao hautatolewa bila dhamana. Machi 2021 meli ya Ever Given, yenye urefu wa mita 400 na makontena takriban 18,300, ilikwama katika Mfereji wa Suez kwa siku 6, na mwenye meli akatangaza hasara ya pamoja, maana yake kila mwenye mzigo ndani yake, awe na kontena zima au maboksi machache, alitakiwa kuchangia gharama za uokoaji kulingana na thamani ya mali yake. Aliyekuwa na bima aliiachia kampuni ya bima itoe dhamana. Asiyekuwa nayo alikabiliwa na kuweka fedha zake mwenyewe kabla ya kuuona mzigo wake.

Istilahi ya pili kwa uzito ni hati ya shehena, ambayo mawakala wa forodha huiita kwa ufupi B/L. Asili yake ni daftari la karani wa chombo katika miji ya biashara ya Italia, ambamo kila mzigo uliopakiwa uliandikwa, na wafanyabiashara walipoacha kusafiri na mali zao wakabaki nyumbani na kuwatumia mawakala, walihitaji nakala ya maandishi hayo mkononi. Hati hiyo ikawa na kazi tatu kwa pamoja: ni stakabadhi kwamba mchukuzi ameupokea mzigo katika hali iliyoelezwa, ni ushahidi wa mkataba wa uchukuzi, na ni hati ya umiliki ambayo anayeishika anaweza kudai mali kwayo. Kazi hii ya tatu ndiyo iliyoleta mapinduzi, na ilithibitishwa nchini Uingereza katika kesi ya Lickbarrow na Mason, iliyoanza kuamuliwa mwaka 1787 na kuhitimishwa mwaka 1794, ambapo desturi ya wafanyabiashara ya kuihamisha hati kwa kuitia saini nyuma ilitambuliwa kisheria. Tangu hapo shehena ya kahawa au pamba iliweza kuuzwa, kuwekwa rehani benki na kuuzwa tena ikiwa bado katikati ya bahari.

Nguvu hiyo ina taabu zake. Kwa desturi hutolewa nakala asilia tatu, ili moja ikipotea nyingine zifike, na meli hazikabidhi mzigo bila mojawapo. Ndiyo sababu mwagizaji ambaye meli yake imetangulia karatasi hukaa bandarini akihesabu siku, na ndiyo sababu umeenea utaratibu wa kurudisha hati asilia kwa wakala wa meli kule mzigo ulikotoka, kisha idhini ya kuutoa ikatumwa kielektroniki. Mwaka 2023 Uingereza ilipitisha sheria inayozipa hati za kielektroniki nguvu sawa na za karatasi, hatua kubwa kwa kuwa mikataba mingi ya uchukuzi duniani hufuata sheria ya Kiingereza.

Vifungu vidogo vilivyochapwa nyuma ya hati hiyo vina historia ya kisiasa ambayo haisemwi vya kutosha. Katika karne ya 19 wenye meli waliongeza misamaha mingi kiasi kwamba mchukuzi hakuwajibika karibu kwa lolote, hata kwa uzembe wa watu wake. Marekani, nchi iliyokuwa na wapakizi wengi kuliko meli, ilijibu kwa Sheria ya Harter ya mwaka 1893, na mwaka 1924 zikafuata Kanuni za Hague, ambazo zilimbana mchukuzi kwa kiasi lakini zikamwachia msamaha pale nahodha au mabaharia wanapokosea katika kuiongoza meli. Nchi zilizotoka katika ukoloni, zikiwa na mazao ya kusafirisha na meli chache mno, ziliona kwamba mizani hiyo imeelemea upande mmoja, na Kanuni za Hamburg za mwaka 1978 ziliuondoa msamaha huo na kumtaka mchukuzi athibitishe kwamba yeye na watu wake walichukua hatua zote zilizostahili. Uganda na Tanzania zilijiunga mwaka 1979, Kenya mwaka 1989, na kanuni zikaanza kutumika Novemba 1992. Mataifa makubwa ya meli hayakujiunga, na huo ni upungufu wao, si wa kanuni. Haki ya mwenye mzigo mdogo haipaswi kutegemea ukubwa wa nchi yake.

FOB na CIF ni watoto wa karne ya 19. FOB, ambayo mahakama za Uingereza zilikuwa tayari zikiizungumzia mwanzoni mwa karne hiyo, humtaka muuzaji aufikishe mzigo melini kwa gharama zake, kisha nauli, bima na hatari za safari zikawa za mnunuzi, ambaye wakati huo mara nyingi ndiye aliyeileta meli. Meli za mvuke zenye ratiba, telegrafu za waya na Mfereji wa Suez uliofunguliwa mwaka 1869 vilimwezesha mtu wa London kununua mali ya Bombay bila kukodi chombo, na hapo CIF ikastawi: bei moja inayojumuisha mali, bima na nauli hadi bandari ya mnunuzi. Kwa kuwa kila nchi ilizielewa herufi hizo kwa namna yake, Chemba ya Kimataifa ya Biashara yenye makao Paris ilichunguza matumizi yake katika miaka ya 1920 na kutoa mwaka 1936 tafsiri za pamoja ziitwazo Incoterms, ambazo toleo lake la mwaka 2020 lina masharti 11.

Hakuna istilahi inayoeleweka vibaya Afrika Mashariki kama CIF, ingawa kila aliyewahi kuagiza gari lililotumika kutoka Japani ameiona kando ya jina la Dar es Salaam au Mombasa. Wengi huamini kwamba muuzaji anawajibika mpaka gari lishuke. Ukweli ni kwamba muuzaji hulipa nauli na bima mpaka bandari ya kufikia, lakini hatari humhamia mnunuzi pale gari linapopakiwa kule Japani. Likiharibika baharini, mnunuzi hudai bima, tena bima ambayo sharti la CIF huitaka iwe ya kiwango cha chini tu. Thamani ya CIF ndiyo pia msingi wa ushuru wa forodha katika Jumuiya ya Afrika Mashariki kwa mizigo ya baharini, kwa hiyo nauli ikipanda, kodi nayo hupanda hata kama bei ya mali haikubadilika. Nchini Kenya, ambako tangu Januari 2017 waagizaji wanatakiwa kukata bima ya shehena kwa kampuni za humo nchini, anayeendelea kununua kwa CIF anaweza kujikuta akilipia bima mara mbili.

Kisha likaja kontena. Tarehe 26 Aprili 1956 meli ya Ideal X ya Malcom McLean, tajiri wa malori kutoka North Carolina, iliondoka Newark kuelekea Houston na makontena 58, na katika muongo uliofuata vipimo vikasanifishwa kimataifa, ndipo kontena la futi 20 likawa kizio cha kuhesabia uwezo wa meli na bandari, kiitwacho TEU. La futi 40 huhesabiwa mawili. La futi 20 lina nafasi ya takriban mita za ujazo 33 na uzito wa juu wa takriban tani 30 pamoja na kontena lenyewe, hivyo vigae vya sakafu hufikia kikomo cha uzito kabla nafasi haijajaa, na magodoro hujaza nafasi kabla ya uzito. Wafanyabiashara wanaochangia kontena moja kwa sababu hiyo hutozwa kwa tani au kwa mita ya ujazo, ile itakayotoa malipo makubwa. Nafaka, mbolea na makaa ya mawe zilibaki nje ya mapinduzi hayo zikisafiri kama kichele, yaani shehena isiyofungwa, inayomiminwa moja kwa moja ndani ya ngama ya meli.

Walioumia zaidi ni makuli na wahamali, ambao nguvu yao ya pamoja ilikuwa imeonekana katika migomo ya Mombasa na Dar es Salaam mwaka 1947 na ya Zanzibar mwaka 1948, na ambao kazi yao ya kubeba gunia kwa gunia ilimezwa na winchi. Kontena pia lilihamisha forodha kutoka ufukweni, na bandari kavu kama ile ya Embakasi, Nairobi, zikawa mwisho wa safari ya bahari mahali pasipo na maji. FOB iliyoandikwa kwa ajili ya mzigo unaovuka ukingo wa meli haikufaa tena kwa kontena linalofungwa ghalani siku kadhaa kabla ya meli kufika, na sharti la FCA, ambalo huhamisha hatari pale mchukuzi anapokabidhiwa mzigo, lilitungwa kuziba pengo hilo. Wauzaji na wanunuzi wengi bado huandika FOB kwa mazoea, na ni mazoea mabaya.

Kontena ndilo lililoyapa maana mpya madeni ya muda. Zamani, tozo ya ucheleweshaji ilikuwa fidia ambayo mkodishwaji wa meli alimlipa mwenye meli alipozidisha siku alizopewa za kupakia na kupakua. Leo mwagizaji hukutana na tozo tatu tofauti: ya kuhifadhi mzigo, inayolipwa bandari au bandari kavu, ya kontena kukaa bandarini likiwa na mzigo baada ya siku za bure kuisha, inayolipwa kampuni ya meli, na ya kuchelewa kulirudisha kontena tupu. Hii ya mwisho ndiyo mwiba wa wafanyabiashara wa Kampala, Kigali, Bujumbura na Lubumbashi, ambao kontena lao hutembea zaidi ya kilomita 1,000 barani na kurudi tupu njia ileile, wakiwa wameweka amana. Siku za bure hujadiliwa wakati nauli inapopangwa, si baada ya kontena kushushwa. Mwagizaji na aombe siku za kutosha kwa maandishi kabla ya kulipa malipo ya kwanza, aulize kama zinahesabiwa kuanzia meli inapofunga gati au kuanzia kontena linaposhushwa, na asikubali kupakiwa mzigo wake mpaka apate jibu.