Mifereji ya California na Madai ya Waliokufa Maji

Mifereji mingi inayopita leo katikati ya makazi ya Bonde la Kati la California ilichimbwa kabla nyumba hizo hazijajengwa. Mwaka 1887 bunge la jimbo lilipitisha sheria iliyoitwa kwa jina la wakili wa Modesto, C. C. Wright. Iliwaruhusu wakulima kuunda wilaya za umwagiliaji, yaani vyombo vya umma vyenye mamlaka ya kutoza kodi, kukopa na kuchimba mifereji. Wilaya za Turlock na Modesto zilianzishwa mwaka huohuo. Zama hizo mfereji ulipita mashambani, na mpita njia alikuwa nadra. Baadaye miji ikapanuka, mashamba yakakatwa viwanja, na mfereji ukabaki palepale, sasa nyuma ya ua wa watu.

Hatari yake haionekani kwa macho. Mfereji wa Friant-Kern, wenye urefu wa kilomita 245 hivi, ulijengwa na serikali ya shirikisho kati ya 1945 na 1951, na sehemu kubwa yake imesakafiwa kwa zege. Kingo zimelazwa mshazari. Juu ni kavu na zinapandika, lakini palipo na maji huota mwani unaoteleza, na aliyetumbukia hana pa kushika. Maji yanashuka kutoka milima ya Sierra Nevada, hivyo huwa baridi hata wakati wa joto. Uso wake umetulia ilhali mkondo unasukuma kuelekea kwenye lango, au kwenye bomba linalopita chini ya barabara. Ndiyo maana mifereji ya namna hii hufungwa ngazi za chuma na kamba zenye maboya.

Kwa muda mrefu, hata hivyo, kushtaki chombo cha umma kulikuwa karibu na muhali. Msingi wake ni kesi ya Uingereza ya mwaka 1788, ambapo mwenye gari la farasi lililoharibika kwa sababu ya daraja bovu aliwashtaki wakazi wa Devon akashindwa: kaunti haikuwa na mfuko wa kulipia, na mahakama iliona ni afadhali mmoja aumie kuliko umma wote usumbuke. Mahakama ya Massachusetts ilifuata mkondo huo mwaka 1812, na majimbo mengine yakafuata. Ajabu ni kwamba hoja ya mfuko mtupu iliendelea kutumika hata kwa vyombo vilivyokuwa vikitoza kodi.

Kwa watoto, mlango ulifunguka upande mwingine. Mwaka 1873 Mahakama ya Juu ya Marekani iliridhia mtoto wa Nebraska aliyevunjwa mguu na meza ya kugeuzia treni alipwe, ingawa aliingia bila ruhusa. Mahakama za California zilipokea kanuni hiyo, ila si kwa maji. Mwaka 1896, katika kesi ya mvulana aliyekufa maji kwenye dimbwi la kiwanja cha San Francisco, zilisema mtoto yeyote anajua maji huua. Msimamo huo ulishikiliwa hadi 1959, mahakama ilipokubali kwamba mtoto mdogo sana hawezi kudhaniwa kuwa anajua hivyo.

Miaka miwili baadaye, jaji Roger Traynor aliandika hukumu iliyofuta kinga ya vyombo vya umma jimboni. Bunge liliisitisha kwa muda, kisha mwaka 1963 likaja na sheria yake. Kinga ikarudi kwa masharti: wilaya ya umwagiliaji haiwajibiki iwapo aliyeumia aliutumia mfereji kwa jambo ambalo haukukusudiwa, kama kuogelea. Mtoto aliye chini ya miaka 12 alitengewa nafasi, lakini nyembamba. Wazazi wanapaswa kuthibitisha kwamba hatari ilikuwa kubwa kupita kiasi, kwamba mtoto hakuitambua kwa uchanga wake, na kwamba chombo chenyewe kilijua hali hiyo mapema kiasi cha kuweza kuchukua hatua. Tena dai lazima liwasilishwe kwa chombo husika ndani ya miezi sita. Kwa familia iliyo matangani, muda huo ni mfupi mno.

Mifereji ya shirikisho ina kinga yake, iliyotokana na sheria ya mafuriko ya mwaka 1928. Mwaka 1986 Mahakama ya Juu iliitafsiri kwa upana, katika kesi za watu waliovutwa na maji kupitia malango ya mabwawa huko Arkansas na Louisiana. Tafsiri hiyo ilipunguzwa mwaka 2001, kwa kesi isiyohusu aliyekufa maji hata mmoja. Mwenye shamba la pistachio alilalamika kwamba Mfereji wa Madera uliharibu miti yake, na mahakama ikaamua kwamba kinachoangaliwa ni asili ya maji yaliyoleta madhara, kama ni ya mafuriko au la. Kwamba mfereji ni sehemu ya mradi wa kuzuia mafuriko hakutoshi tena kuipa serikali kinga.