Rufiji ya Filamu na Rufiji ya Matope

Mji uliopigwa picha za filamu haukosi watembezi. Mgeni huongozwa vichochoroni, akaonyeshwa ngazi aliyoketi mchezaji na dirisha alilochungulia, naye akaondoka ameridhika kwamba amekanyaga mahali pa hadithi. Delta ya Rufiji nayo ina filamu yake, lakini atakayekwenda huko kutafuta mahali ilipopigwa picha hataonyeshwa hata pamoja.

Filamu hiyo ni Shout at the Devil ya mwaka 1976, iliyotokana na riwaya ya Wilbur Smith. Mto na misitu inayoonekana humo ni ya Transkei, Afrika Kusini. Sehemu nyingine ilipigwa picha Malta. Hata manowari ya Wajerumani ilibadilishwa jina ikawa Blücher. Ile ya kweli iliitwa Königsberg, na watu wa pwani waliipa jina lao wenyewe: Manowari na bomba tatu.

Basi anayetaka kuifuata hadithi ya kweli hana budi kuianzia Unguja. Alfajiri ya tarehe 20 Septemba 1914, Königsberg, chini ya nahodha Max Looff, iliishambulia HMS Pegasus ya Waingereza iliyokuwa imetia nanga Zanzibar ili mitambo yake itengenezwe, ikaizamisha. Baadhi ya mabaharia waliouawa wamezikwa katika kisiwa kidogo cha Chapwani, mkabala wa Mji Mkongwe.

Königsberg nayo ilikuwa na mitambo mibovu. Looff akavuka bahari, akaiingiza katika delta ya Rufiji, karibu na Salale, ambako leo ni Wilaya ya Kibiti. Mikoko ya huko, yenye hekta zipatazo 53,000, ikaifunika. Waingereza waliigundua mwishoni mwa Oktoba, na tarehe 10 Novemba wakaizamisha meli ya Newbridge katika mlango mmoja wa mto ili isitoke. Hatimaye walizileta Severn na Mersey, meli za mizinga ziwezazo kupita maji haba. Nazo zilitokea Malta, kisiwa kile kile kitakachokuja kuazima sura ya Afrika katika filamu. Ndege zilizoruka kutoka Mafia ziliwaelekeza wapiga mizinga, na tarehe 11 Julai 1915 mambo yakaisha. Looff akaamuru meli yake izamishwe.

Hapo filamu ingetia pazia, ilhali kazi ndiyo kwanza ilianza. Mizinga 10 iliopolewa majini, ikapelekwa Dar es Salaam, kisha ikatumika katika vita vya bara. Haikwenda kwa miguu yake; Waafrika waliivuta kwa kamba, matopeni na milimani. Mmoja leo uko Ngome ya Yesu, Mombasa, pamoja na mzinga wa Pegasus: mahasimu wawili wamekaa jirani, watalii wakipiga picha. Mwingine uko Pretoria, na mwingine Jinja.

Chuma kimehifadhiwa; waliokivuta hawakuandikiwa hata jiwe. Wenzao waliobebeshwa mizigo upande wa Waingereza wameacha neno, Kariakoo, lililotokana na jina la Kiingereza la kikosi cha wapagazi. Maelfu hulitamka kila siku wakienda sokoni Dar es Salaam, wala hawawazi kwamba wanataja jeshi la watu waliokufa kwa njaa, maradhi na uchovu.

Na huko Salale, mtembezi hana cha kuonyesha. Mabaki ya manowari yalionekana kwa miongo kadhaa, mpaka miaka ya 1960 yalipodidimia matopeni. Yamebaki maji, mikoko na lile jina. Si jina la mfalme wala la mji wa Ulaya. Ni jina lililotungwa na mtu aliyesimama pwani, akaitazama meli ya kigeni ikipita, akahesabu bomba zake: moja, mbili, tatu. Huyo naye alikuwapo.