Antena Iliyohamia Kiooni: Somo kutoka Birmingham

Historia ya redio tunayoisoma mara nyingi ni historia ya vitu virefu: minara, milingoti na nyaya zilizotandazwa juu ya mapaa. Gari nalo lilikuwa na mlingoti wake. Kwa miaka mingi, fimbo ya chuma iliyosimama juu ya madigadi ndiyo iliyokuwa alama ya gari lenye redio. Leo magari mengi hayana fimbo hiyo. Redio inaimba kama kawaida, lakini ukizunguka gari lote huoni inakonasia mawimbi. Jibu liko mbele ya macho: ni mistari myembamba iliyochapwa kwenye kioo, ambayo wengi wetu tunadhani kazi yake ni kuondoa ukungu tu.

Katika makala haya tunaifuata safari ya antena kutoka kwenye fimbo hadi kwenye kioo, na tunaifuata kupitia mji mmoja, Birmingham, katikati ya Uingereza. Hatudai kwamba antena ya kioo ilizaliwa Birmingham. Tunachosema ni kwamba antena hiyo haina baba mmoja. Ilihitaji ufundi wa aina tatu ukutane: wa redio, wa kioo na wa magari. Kidole kimoja hakivunji chawa, na ni miji michache ambayo vidole hivyo vitatu vinaonekana wazi kama mji huu.

Tuanze na redio. Chuo Kikuu cha Birmingham kilipoanzishwa mwaka 1900, mkuu wake wa kwanza alikuwa mwanafizikia Oliver Lodge. Miaka sita kabla ya hapo, mwaka 1894, Lodge alikuwa amekwisha kuonyesha hadharani jinsi mawimbi ya umeme yanavyoweza kutumwa na kupokelewa bila waya. Mwaka 1897 akapata hataza ya njia ya kulinganisha mtambo wa kutuma na wa kupokea, ili kipokezi kichague masafa yake na kuyaacha mengine. Hataza hiyo baadaye ilinunuliwa na kampuni ya Marconi. Kila tunapozungusha kitufe kutafuta kituo, tunatumia wazo hilo.

Familia hiyo ina kisa kingine kinachotuhusu. Wana wawili wa Lodge, Alec na Brodie, walifungua Birmingham kampuni ya kutengeneza plagi za injini. Plagi hufanya kazi kwa kurusha cheche, na kila cheche ni redio ndogo inayopiga kelele katika masafa yote. Baba alifundisha dunia kuchagua wimbi moja kati ya mengi. Wanawe wakauza kifaa ambacho, kikikaa karibu na antena, huyavuruga mawimbi yote. Mvutano huo wa nyumba moja ndio ambao wabunifu wa antena za magari wamepambana nao tangu mwanzo, na ni moja ya sababu zilizowafanya wapende kioo cha nyuma, mbali na injini.

Utangazaji wenyewe ulifika mapema. Tarehe 15 Novemba 1922, siku moja tu baada ya BBC kuanza kutangaza London, kituo cha Birmingham kilichoitwa 5IT kilikwenda hewani kutoka kiwanda kimoja cha umeme katika mtaa wa Witton.

Upande wa kioo, mji una sifa ya zamani zaidi. Huko Smethwick, mpakani kabisa mwa Birmingham, kiwanda cha Chance Brothers ndicho kilichotoa vioo vya jumba la maonyesho la Crystal Palace la London mwaka 1851. Kioo cha gari, hata hivyo, kina sharti ambalo dirisha la nyumba halina: kikivunjika kisimchinje abiria. Mfaransa Édouard Bénédictus alipata hataza mwaka 1909 ya kioo cha tabaka, yaani vioo viwili vilivyogandishwa pamoja kwa utando katikati, ili kikipasuka vipande visitawanyike. Kampuni ya Triplex ilileta ufundi huo Uingereza, na moja ya viwanda vyake ikakiweka King's Norton, kusini mwa Birmingham. Tuukumbuke utando ule wa katikati, kwa sababu mahali panapoweza kukaa utando panaweza kukaa waya.

Kidole cha tatu ni magari. Mwaka 1905 Herbert Austin alianzisha kiwanda chake Longbridge, si mbali na King's Norton. Kwa karibu karne nzima Longbridge ilitoa magari kwa mamilioni, na Mini ya mwaka 1959 ni miongoni mwa hayo.

Sasa tatizo lenyewe. Fimbo ya chuma ilikuwa antena nzuri, lakini ilikuwa na maadui: mashine za kuoshea magari, matawi ya miti, kutu, upepo uliopiga mluzi, na vijana walioikunja kwa mchezo. Wabunifu wakaanza kuitafutia maficho. Nchini Marekani, General Motors iliweka nyaya mbili nyembamba ndani ya kioo cha mbele cha tabaka katika gari la Pontiac Grand Prix la mwaka 1969. Wazo lilikuwa zuri, lakini lilionyesha mara moja kwamba kuficha antena si sawa na kuihamisha. Antena ikibadili mahali, hubadilika tabia.

Hesabu yake si ngumu. Wimbi la FM la megahezi 100 lina urefu wa mita 3. Antena ya fimbo hufanya kazi vizuri ikiwa robo ya urefu huo, yaani sentimita 75, na fimbo ya kiasi hicho inakaa kwenye gari bila taabu. Kwenye kioo, mstari hauwezi kunakiliwa kwa urefu uleule, kwa sababu kioo hupunguza mwendo wa wimbi na kufanya mstari uonekane, kwa macho ya umeme, mrefu kuliko ulivyo. Zaidi ya hayo, dirisha ni tundu katika bati la gari, na mkondo wa mawimbi huzunguka ukingo wa tundu hilo. Mbunifu anadhani anachora antena kwenye kioo. Kwa kweli gari zima ndilo antena, na mistari yake ni mahali pa kuchotea tu.

Kwa masafa ya AM mambo ni magumu zaidi. Wimbi la megahezi 1 lina urefu wa mita 300, na hakuna gari lenye nafasi ya robo yake. Nchini Uingereza jambo hili halikuwa dogo, kwani mtambo wa mawimbi marefu wa Droitwich, kusini-magharibi mwa Birmingham, ulianza kutangaza mwaka 1934 kwa wimbi la mita 1,500, na madereva wengi waliutegemea. Antena ya kioo hunasa wimbi kama hilo kidogo sana, na kidogo hicho hupotelea katika kebo kabla ya kufika kwenye redio. Dawa iliyopatikana ni kuweka kikuza mawimbi kidogo pembeni mwa kioo, ili sauti isaidiwe kabla ya kuanza safari.

Hatua kubwa ilikuwa kugundua kwamba kioo cha nyuma tayari kina nyaya. Mistari ya kuondoa ukungu huchapwa kwa rojo lenye fedha, kisha huokwa pamoja na kioo kinapopashwa joto la zaidi ya nyuzi 600 ili kikunjwe na kukazwa. Kwa nini mistari hiyohiyo isifanye kazi mbili? Kikwazo ni betri. Mistari inavuta umeme wa zaidi ya ampea 10, na waya wa betri unayavuta mawimbi ya redio na kuyamwaga kwenye bati la gari. Wahandisi wakaweka mlangoni bawabu: koili inayoruhusu umeme wa betri upite lakini inayazuia mawimbi ya redio. Na ili koili isizidiwe na umeme mwingi, nyaya mbili huviringwa pamoja kwenye kiini kimoja, umeme unaokwenda na unaorudi ukipita pande zinazopingana, hata sumaku zake zikafutana.

Kulikuwa na faida ambayo wengi hawaitaji. BBC ilipoanza kutangaza rasmi kwa FM mwaka 1955, mawimbi yake yalitumwa yakiwa yamelala, kwa kuwa yalikusudiwa antena za mapaa ya nyumba. Fimbo ya gari imesimama, kwa hiyo iliyapata mawimbi hayo kwa shida. Baadaye mitambo iliongezwa mawimbi yaliyosimama kwa ajili ya magari na redio za mkononi. Mistari ya kioo cha nyuma, ambayo mingi imelala, iliweza kunasa yote mawili. Na kwa kuwa mawimbi ya mjini hugonga majengo na kufika kwa njia nyingi yakikatana yenyewe kwa yenyewe, kioo kiliruhusu antena mbili au tatu kuchapwa mahali tofauti, redio ikachagua kila mara iliyo na sauti safi.

Kazi hii inaendelea Birmingham hadi karne yetu. Harada, kampuni ya Japani inayotengeneza antena za magari, iliweka kituo chake cha Ulaya katika mji huo. Namna ya kufanya kazi hiyo haina fahari ya nje. Mchoro hujaribiwa kwanza kwenye kompyuta, kisha hubandikwa kwa utepe wa shaba juu ya kioo cha gari halisi, gari linazungushwa na kupimwa kila upande, utepe unakatwa sentimita moja, unapimwa tena. Haraka haifai, kwa sababu kioo kikishatoka kwenye tanuri hakikatwi wala hakitobolewi.

Lakini vidole viwili kati ya vile vitatu vimedhoofika. Kiwanda cha Smethwick kilifungwa mwaka 1981. Mwezi Aprili 2005 kampuni ya MG Rover ilianguka, na wafanyakazi wapatao 6,000 wa Longbridge wakapoteza kazi. Mji hupoteza viwanda na pia kumbukumbu ya kazi ndogondogo zilizofanywa humo, na kazi iliyofanywa ili isionekane ndiyo husahauliwa kwanza.

Je, hili linatuhusu nini sisi wa chama cha Kiswahili? Linatuhusu sana. Barabara za Tanzania, Kenya na Uganda zimejaa magari yaliyotumika Japani, na mengi yana antena ndani ya kioo. Japani ilipanga FM yake kuanzia megahezi 76 hadi 90. Kwetu ni 88 hadi 108. Dereva anayepata vituo viwili tu huuziwa ekspanda ya kuhamisha masafa, na mara nyingine bado sauti hukwaruza, kwa sababu kikuza mawimbi kilichofichwa karibu na kioo kilitengenezwa kwa masafa ya kwao. Mwingine anabandika tinti yenye chembe za chuma, kesho yake redio inakufa, naye anamlaumu fundi redio. Mwingine anakwangua stika kwa wembe na kukata mistari, akijua anaharibu cha ukungu tu, katika nchi ambayo ukungu haumsumbui.

Hasara hizo zinatokana na ukosefu wa maneno. Fimbo tuliiita antena kwa kuwa tuliiona. Ilipohamia kiooni, jina halikuhama nayo, na kisicho na jina hakiulizwi gereji. Tunapendekeza tuseme wazi "antena ya kioo", na "kikuza mawimbi" kwa kile kisanduku chake, na wanachama wenzetu wanaosoma uhandisi watusaidie kuyapeleka maneno hayo kwa mafundi na kutuletea yale ambayo mafundi tayari wanayo. Kamusi yetu ikifika kwenye vitu vilivyojificha, dereva naye ataweza kumwambia fundi: kabla hujaniuzia redio mpya, nitazamie kwanza kioo.