Asidi ya Maziwa Lala na Mama Anayekimbia

 

Pengine umewahi kuambiwa na jirani, au hata na shangazi yako, kwamba mama anayenyonyesha hafai kukimbia, eti maziwa yake yatachacha na mtoto atayakataa. Je, ni kweli? Leo tutaifuata historia ya jambo hili. Utashangaa kuona kwamba jibu limetokana na kipimo wanachotumia wakimbiaji wa marathoni.

Historia yenyewe inaanzia kwenye maziwa. Mwaka 1780 mfamasia Carl Wilhelm Scheele, aliyefanya kazi Uswidi, alitenga asidi fulani kutoka kwa maziwa yaliyochacha. Asidi hiyo ndiyo inayoyapa maziwa lala na mursik ule ukali wake. Iliitwa asidi ya laktiki, yaani asidi ya maziwa. Mwanzoni mwa karne ya 19, Jöns Jacob Berzelius, naye wa Uswidi, aliikuta pia katika misuli ya wanyama waliowindwa. Kisha mwaka 1907, huko Cambridge, Uingereza, Walter Fletcher na Frederick Hopkins walionyesha kwamba misuli ya chura ikifanyishwa kazi hadi ichoke hujaa asidi hiyo. Ikipata oksijeni ya kutosha, asidi hupungua.

Tangu hapo asidi hii ilipata jina baya. Watu walisema ni taka, ni sumu ya misuli, na kwamba ndiyo huleta maumivu ya miguu siku ya pili baada ya mbio. Sivyo. Maumivu ya siku ya pili hutokana na majeraha madogo madogo ndani ya misuli. Asidi hiyo, ambayo ikiwa katika damu huitwa lakteti, huwa imekwisha kutumika muda mrefu kabla ya hapo. Katika miaka ya 1980 mtaalamu George Brooks wa California, Marekani, alieleza kwamba lakteti ni kama kuni: moyo na misuli huichoma ili kupata nguvu.

Tatizo huja kuni zikizidi. Hebu fikiria karai lenye tundu, limewekwa chini ya mfereji. Maji yakitiririka polepole, yanayoingia hutoka, na karai halijai. Ukifungua mfereji sana, karai hufurika. Mkimbiaji naye ana mwendo ambao, akiupita, lakteti huingia katika damu haraka kuliko mwili unavyoweza kuitumia. Mwendo huo huitwa kizingiti cha lakteti.

Hupimwaje? Mkimbiaji hukimbia kwa vipindi vya dakika chache, na kila kipindi huongeza mwendo. Kila kipindi kinapokwisha, hudungwa kidogo kwenye kidole au ncha ya sikio, na tone moja la damu hupimwa. Mtu aliyepumzika huwa na takriban milimoli 1 ya lakteti kwa lita moja ya damu. Mwaka 1976 Alois Mader na wenzake huko Ujerumani walipendekeza milimoli 4 ziwe alama ya kizingiti. Baadaye ilibainika kwamba kila mtu ana kizingiti chake.

Kwa mbio za kilomita 42, kipimo hiki ni muhimu sana. Anayejua kizingiti chake hukimbia chini yake kidogo na kushikilia hapo. Anayeanza kwa pupa humaliza akiba ya wanga mwilini mapema, na baada ya kilomita 30 miguu hukataa. Haraka haraka haina baraka. Habari njema ni kwamba mazoezi ya mara kwa mara hukisogeza kizingiti juu. Mwaka 1995 Bengt Saltin na wenzake walichapisha utafiti uliolinganisha wakimbiaji wa Kenya na wa Skandinavia. Walikuta kwamba kwa jumla damu ya Wakenya ilikuwa na lakteti kidogo zaidi.

Sasa turudi kwa maziwa ya mama. Mwaka 1992 watafiti wa Marekani waliripoti kwamba watoto hawakuyapenda sana maziwa yaliyokamuliwa baada ya mama kufanya mazoezi ya nguvu zote. Hofu ikaenea. Lakini wengine hawakuishia hapo. Waliwapima akina mama kwa kile kile kizingiti cha wakimbiaji. Walikuta kwamba mazoezi yaliyo chini ya kizingiti hayaongezi lakteti katika maziwa. Mwaka 2002 utafiti mwingine ulionyesha kwamba watoto waliyapokea maziwa ya mama vizuri, hata baada ya mazoezi makali.

Kwa hivyo mama, usimwachishe mtoto kunyonya kwa sababu ya mbio, wala usiache mbio kwa sababu ya kunyonyesha. Vivian Cheruiyot alijifungua mwaka 2013, na mwaka 2018 akashinda London Marathon. Peres Jepchirchir alijifungua mwaka 2017, na mwaka 2021 akatwaa dhahabu ya marathoni ya Olimpiki.

Wewe huna mashine ya kupima damu, lakini una mdomo. Ukikimbia huku ukiweza kuzungumza na mwenzako sentensi nzima, uko chini ya kizingiti. Ukiweza kutamka neno moja moja tu, umekipita. Punguza mwendo.

Kumbuka pia haya:

Muone muuguzi au daktari kabla ya kuanza, hasa kama ulijifungua kwa upasuaji.

Anza kwa kutembea, kisha ongeza kidogo kidogo.

Mnyonyeshe mtoto kabla ya kutoka, ili matiti yasiwe mazito, na uvae sidiria inayoshika vizuri.

Kunywa maji na ule chakula cha kutosha.

Ukiona damu inatoka au ukisikia maumivu, acha mara moja na uende kliniki.

Na shangazi akikuuliza tena, mwambie maziwa huchacha kwenye kibuyu. Kifuani mwa mama hayachachi.